Michango ya programu na makao makuu ya chama chetu cha sayansi Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu harambee itangazwe, maswali yamekuja mengi kuliko michango. Hatulalamiki, maana anayeuliza kabla ya kutoa mara nyingi ndiye anayetoa tena mwakani. Hapa tumekusanya yale yanayojirudia kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye baraza za Ngamiani na hata nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada. Majibu ni ya kamati ya fedha, na pale kamati ilipokuwa na maoni yake, imeyasema.

Chama chenyewe ni cha akina nani?

Cha wanachama. Wamo walimu wa sayansi, watafiti waliostaafu, wauguzi, mabwana shamba, maofisa uvuvi, wanafunzi, na wavuvi kadhaa wenye kumbukumbu nzuri kuliko madaftari yetu. Si idara ya serikali, si tawi la chuo, si kampuni. Kiingilio na ada ya mwaka vinatosha kuendesha shughuli za kila siku. Kujenga, haviwezi.

Mbona mnakutana vizuri tu kwenye madarasa ya kuazima? Jengo la nini?

Kukutana si tatizo. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi wa Uingereza, ilianzishwa mwaka 1660 na haikumiliki nyumba yake hadi 1710, Isaac Newton akiwa rais wake. Nusu karne ya kuhamahama, na sayansi ilisonga. Kwa hiyo anayewaambia kuwa chama cha sayansi hakiishi bila ofisi anawauzia ofisi.

Kinachotusukuma ni vitu: sampuli, madaftari, picha, ramani. Mkoa huu umetoa vitu vingi vya kisayansi na umebaki na vichache mno. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo kule Amani, Usambara Mashariki, pamoja na bustani ya mimea iliyokuwa maarufu kuliko nyingi za wakati wake. Sampuli za mimea iliyokaushwa pale Amani zilihamishiwa Nairobi katikati ya karne iliyopita, na ndizo zilizokuwa chanzo cha mkusanyiko mkubwa wa mimea ya Afrika Mashariki ulioko huko hadi leo. Nyingine zilikuwa zimepelekwa Berlin tangu enzi za Wajerumani. Machi 1943, wakati wa vita, jumba la mimea la Berlin lilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake ikateketea, zikiwemo sampuli za huku kwetu.

Ua la Saintpaulia lina hadithi kama hiyo. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi na kulipa jina la baron huyo. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Porini linaota kwenye miamba ya Usambara na misitu mingine michache ya Tanzania na Kenya, na watoto wengi wa Muheza hawajawahi kuonyeshwa.

Kisha ni silikanti. Tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa samaki huyu kwenye majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Lakini mvuvi anayekumbuka alimnasa wapi, usiku gani, maji yakiwa bamvua au maji mafu, maelezo yake yanaandikwa wapi na yanatunzwa na nani? Wachache wameyaandika. Sisi tunataka yawe na kabati lake hapahapa Tanga.

Ndiyo maana chumba cha kwanza kwenye mchoro ni cha kutunzia. Kinafuatwa na maabara ndogo, maktaba, halafu ukumbi. Watu wakionyeshwa mchoro wanaupenda ukumbi. Fedha zikipungua, ukumbi ndio tutakaoukata kwanza.

Je, jengo halitameza fedha za programu?

Hofu hii ni halali kuliko zote, kwa hiyo tutaieleza kwa urefu kidogo. Vyama vingi hufa kifo hiki: kuta zinapanda, semina zinasimama, na siku ya uzinduzi hakuna anayekumbuka chama kilikuwa kikifanya nini.

Hao hao Royal Society waliwahi kuonja. Mwaka 1686 walichapisha kitabu kikubwa cha samaki, chenye picha nyingi za gharama, na kikadoda. Ilipofika zamu ya kuchapisha kazi ya Newton iliyobadilisha fizikia, mwaka 1687, sanduku lilikuwa tupu. Edmond Halley akatoa fedha zake mfukoni. Yeye alikuwa karani wa chama, na mshahara wake ukalipwa kwa nakala za kile kitabu cha samaki kilichobaki stoo.

Sisi tumeweka akaunti mbili za benki, moja ya programu na moja ya ujenzi, zenye watia saini tofauti. Fedha haiwezi kuhama kutoka programu kwenda ujenzi hata kwa mkopo wa wiki moja, isipokuwa kwa kura ya mkutano mkuu. Kutoka ujenzi kwenda programu inaweza, endapo mchangiaji mwenyewe ameridhia kwa maandishi. Asiyetaja anachangia nini, fedha yake inaingia programu. Baadhi ya wajumbe walitaka iwe kinyume chake na tulibishana sana. Tuliona kwamba mtu aliyenyamaza hajakubali kununua matofali.

Programu zenyewe ni zipi?

Klabu za sayansi mashuleni, mihadhara ya wazi kwa Kiswahili, kuandika kumbukumbu za wavuvi, na ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaofanya utafiti ndani ya mkoa. Kubwa kuliko zote kwa sasa ni ile ya Mto Zigi. Maji ya Jiji la Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linalishwa na Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Wanafunzi wa shule zilizo kandokando ya mto wanapima tope na joto la maji kwa vifaa rahisi na kuandika matokeo. Mtoto wa Makorora akielewa kwamba maji ya bombani kwao yameanzia msituni Amani, somo la jiografia limeisha hapo.

Mnahitaji shilingi ngapi kwa jumla?

Kwa programu, bajeti ya mwaka hupitishwa na mkutano mkuu na mwanachama yeyote hupewa nakala. Kwa jengo, kiasi kitatangazwa mkadiriaji majenzi akishakabidhi BOQ iliyosainiwa, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake. Tumeombwa mara nyingi tutaje “hata makadirio tu”. Hatutataja. Kiasi kinachotajwa kabla ya BOQ hugeuka ahadi, na ikipanda baadaye watu wanasema mmekula.

Kwa nini msikope, au mkauza hatifungani kama Tanga UWASA?

Swali zuri, na linatoka kwa watu wanaofuatilia mambo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo kwa mradi unaojali mazingira, na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 53. Lakini mamlaka ya maji ina wateja wanaolipa ankara kila mwezi, na ndizo zinazolipa riba. Sisi tuna wanachama, na nusu yao hukumbushwa ada hadi Desemba.

Kukopa nako kuna historia mbaya kwa vyama vya namna yetu. Linnean Society ya London ilinunua mkusanyiko wa mimea wa Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1829 kwa fedha ambazo haikuwa nazo, na deni halikuisha hadi 1861. Walionunua wengi walishakufa. Tutajenga kwa awamu, na awamu haianzi kabla fedha yake yote haijawa benki.

Natoaje mchango?

Kwa akaunti ya benki ya chama au kwa lipa namba ya mtandao wowote wa simu. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, hakikisha jina linalotokea ni la chama na si la mtu. Andika neno JENGO au PROGRAMU kwenye kumbukumbu. Risiti yenye namba na muhuri hutolewa kwa kila mchango, hata wa shilingi elfu moja.

Hatupokei fedha mkononi. Hata kwa mwenyekiti. Kwenye harambee ya ukumbini, fedha huwekwa kwenye bahasha, ambazo hufunguliwa na watu watatu na kupelekwa benki siku ya kazi inayofuata.

Kuna kijana alipita mtaani kwetu na kadi za mchango. Ni wenu?

Hapana. Hatuna kadi na hatutumi mtu nyumba kwa nyumba. Tunajua kadi za mchango tumezizoea kwa harusi, na ndiyo maana matapeli wanazipenda. Mchukue jina kama utaweza, umjulishe balozi au mwenyekiti wa mtaa.

Nilitoa ahadi hadharani, sasa hali imebana. Mtanitangaza?

Hatutangazi wadaiwa wa ahadi. Ahadi ni deni, kweli, lakini hatuoni faida ya chama cha sayansi kumuaibisha mwalimu kwenye kundi la WhatsApp. Unaweza kupunguza, kuahirisha au kufuta kwa ujumbe mmoja kwa mhazini. Tunachoomba ni usinyamaze, kwa sababu awamu hupangwa kwa ahadi zilizo hai.

Naweza kutoa vifaa badala ya fedha: saruji, nondo, mchanga?

Unaweza, ila soma kwanza.

Saruji: usituletee sasa. Mkoa wetu una kiwanda cha saruji pale Pongwe, haitakosekana. Saruji ikikaa stoo miezi mitatu kwenye unyevu wa Tanga huanza kupoteza nguvu, na ikiganda ni takataka nzito. Andika ahadi ya mifuko, tutakuita siku ya kumwaga zege.

Mchanga wa bahari hatupokei hata ukiletwa bure hadi kiwanjani. Una chumvi, chumvi inakula nondo ndani ya zege, nondo ikipata kutu inavimba na zege linapasuka. Kila aliyekaa nyumba ya karibu na pwani amewahi kuona dari linalomomonyoka vipande. Tunataka mchanga wa mto, kutoka machimbo yenye kibali.

Mawe ya matumbawe pia hatupokei. Tunajua nyumba za zamani za mji huu na msikiti wa kale wa Tongoni vilijengwa kwa mawe hayo na chokaa, na ni majengo mazuri. Lakini hatuwezi kuwafundisha watoto thamani ya matumbawe tukiwa tumekaa ndani yake.

Nondo, mabati, nyaya, vigae, mabomba: karibu, mradi vina alama ya ubora ya TBS na fundi wetu amevikagua. Samani za ofisi, subirini. Kompyuta za zamani, asanteni, hapana.

Kiwanja ni cha nani? Tusije tukajenga kwenye ardhi ya mtu.

Nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na tunachopewa ni hati ya kumiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Hati ya kiwanja chetu imeandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa mujibu wa sheria ya wadhamini. Maana yake ni kwamba mwenyekiti akifa, akihama au akigombana nasi, kiwanja hakiendi naye. Mwanachama anaweza kuona nakala ya hati, na mtu yeyote anaweza kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa kulipia ada ndogo. Tunashauri mfanye hivyo. Hata kwa vyama vingine mnavyochangia.

Wengine wanauliza mbona hatukutafuta Raskazone, kwenye upepo wa bahari. Upepo huohuo unabeba chumvi na unyevu. Sampuli za mimea zinataka chumba kikavu. Unyevu ukizidi huota ukungu, na wadudu wadogo humaliza bahasha nzima ya majani bila kelele. Tukaenda upande wa Kange.

Jengo likiisha, nani atalipa umeme?

Hili huulizwa mara chache, na ni kosa. Chumba cha kutunzia kinahitaji kikausha hewa na friza, kwa sababu sampuli mpya hugandishwa siku kadhaa kuua wadudu kabla ya kuingia kabatini. Kuna mlinzi, kuna maji, kuna rangi kila baada ya miaka michache, kuna kodi ya pango la ardhi, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Ndiyo sababu sehemu moja ya kumi ya kila mchango wa jengo inaingia mfuko wa matunzo, unaowekezwa na kutumiwa faida yake tu. Wafadhili wakubwa hawaupendi mfuko huu kwa kuwa hauna kitu cha kubandika jina. Kwa maoni yetu ndio mchango wenye akili kuliko yote.

Nikichangia, napata nafuu ya kodi?

Mfanyakazi wa mshahara, hapana: PAYE yako haipungui. Mwenye biashara au kampuni, inawezekana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa shirika la hisani linalotambuliwa na Kamishna Mkuu wa TRA kuondolewa kwenye hesabu ya mapato, usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Maombi yetu ya kutambuliwa yako TRA. Hadi barua itoke, usihesabu nafuu hiyo na usikubali mtu wetu yeyote akuahidi. Muulize mhasibu wako.

Naweza kutoa zaka kwa ajili ya jengo?

Tumeamua kutopokea zaka kwa ujenzi. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na ukuta si mmoja wao. Kuhusu kumlipia mwanafunzi masikini ada au vifaa vya maabara, muulize shekhe wako kwanza, kisha njoo. Sadaka tunapokea. Fungu la kumi ni kati yako na kanisa lako.

Nina nyumba nataka iwe wakfu, au niiandike kwenye wosia.

Wakfu ni jambo zito, kwa kuwa mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Linalotufaa sisi ni mapato, kwa mfano pango la nyumba lilipie klabu za shule fulani, na msimamizi awe amewekwa wazi. Tafadhali wahusishe watoto wako kabla hujafika kwetu. Hatutaki kukutana nao mahakamani.

Kwa wosia, Mwislamu hawezi kuusia zaidi ya thuluthi ya mali yake. Kwa wote, RITA wana huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia, na gharama yake ni ndogo kuliko ugomvi wa mirathi.

Mtapokea fedha za makampuni ambayo kazi zao zinagusa bahari na misitu?

Mkoa una bandari inayopanuka, viwanda, mashamba ya mkonge, na bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani. Tukikataa kila kampuni inayogusa mazingira, tutabaki na wauza vitumbua. Nao wanatumia kuni.

Kwa hiyo tunapokea, kwa masharti matatu. Mkataba wa mchango unabandikwa ubaoni, wote. Kampuni haioni matokeo ya utafiti kabla ya watu wengine. Na kampuni ambayo wanachama wetu wanapima athari zake kwa wakati huo haichangii programu hiyohiyo. Inaweza kuchangia paa. Wapo wanachama wanaoona hata paa ni kosa. Hoja yao tunaiheshimu na huletwa tena kila mkutano mkuu.

Kwa nini serikali isiwajengee?

COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, na tunaomba huko kwa ajili ya miradi ya utafiti kama waombaji wengine. Fedha za utafiti hazijengi makao makuu ya chama cha wanachama, na tunaona ni sawa.

Niko nje ya nchi.

Tuma benki kwa benki, uweke jina lako kamili na sababu ya malipo. Mchango mkubwa kutoka ndani au nje tutauliza chanzo chake, kwa ajili ya sheria ya utakatishaji fedha. Usione tumekudharau.

Jina langu litaandikwa ukutani?

Ukitaka. Ukuta utakuwa na majina kwa alfabeti, bila kiasi, aliyetoa elfu tano pembeni ya aliyetoa milioni tano. Asiyetaka hatajwi popote, na taarifa zake zinalindwa kama sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inavyotaka. Vyumba havipewi majina ya wachangiaji walio hai.

Nani anakagua hesabu?

Mkaguzi wa nje aliyesajiliwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, anayechaguliwa na mkutano mkuu na si kamati. Kila robo mwaka taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa ubaoni na kutumwa kwa wachangiaji wote.

Harambee ikishindwa?

Awamu ya kwanza, yaani chumba cha kutunzia na choo, inaweza kusimama peke yake na ikafanya kazi. Kama hata hiyo haitatimia, mkutano mkuu utaitishwa, na kila mwenye risiti ya JENGO atachagua kurudishiwa fedha yake au kuihamishia programu.

Marehemu baba alifanya kazi Amani. Ameacha sanduku la madaftari na mimea mikavu. Mtachukua?

Tutafurahi sana, lakini kwa sasa tunapokea orodha tu, maana hatuna pa kuweka. Andika kila kitu kilichomo. Usitenganishe majani na gazeti yaliyofungiwa, wala usitupe vikaratasi hata kama huvisomi: mmea mkavu usio na tarehe wala mahali ulipochumwa haumsaidii mtafiti. Usipulizie dawa ya mbu wala mafuta ya taa. Funga sanduku vizuri, liinue juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa, na waambie wa nyumbani lisiuzwe kwa wanunuzi wa makaratasi ya kufungia karanga.